Mgonjwa na Aulize Dawa Yake

Katika masuala tunayoletewa sana kila mwezi wa Shaabani uingiapo ni suala la vidonge: je, mtu akimeza dawa yake wakati wa daku kisha akanuia, saumu yake ni sahihi? Nasi kwa miaka mingi tulikuwa tukijibu kama tulivyosoma kwa masheikh wetu, kwamba kilichoingia tumboni kabla ya alfajiri hakiharibu saumu. Jawabu hili ni sahihi, wala hatulirejei. Lakini liko jambo tulilokuwa tukiliacha, na kwa kuliacha nusura tubebe roho ya mtu.

Mama mmoja mtu mzima wa mtaani kwetu, mwenye maradhi ya sukari, alituuliza suala hilo hilo mlangoni mwa msikiti. Tukamwambia, "Meza wakati wa daku, mama, kisha funga, saumu yako haina neno." Hatukumwuliza ni dawa gani, wala amepewa na nani, wala huyo aliyempa amejua kama atafunga. Siku ya tatu ya Ramadhani, baada ya Alasiri, binti yake alimkuta amelala jikoni, nguo zimerowa jasho, anasema maneno yasiyofahamika. Kwa kuwa alikuwa bado aweza kumeza, walimnywesha maji ya sukari wakamkimbiza hospitali, na Mwenyezi Mungu akamsalimisha.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba kidonge kile ni glibenklamidi. Dawa hii hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hakula, na kazi yake hudumu saa nyingi, khasa kwa mzee ambaye figo zake zimechoka. Sasa mtu aimeze alfajiri, kisha akae zaidi ya saa 13 bila ya tonge, sukari ya damu haina budi kushuka. Iko dawa nyingine ya maradhi hayo hayo, metfomini, ambayo ikitumiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu namna hiyo. Vidonge viwili, maradhi mamoja, na hukumu zake mbali mbali kwa mwenye kufunga. Sisi tuliwajibu wote jawabu moja.

Tulikumbuka khabari aliyoipokea Abu Daud, ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akaota usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamjibu kwamba hawamwoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari aliwakasirikia sana, akawabebesha mauti yake, na akafundisha kwamba asiyejua hana tiba illa kuuliza. Wale waliyatazama maji, hawakulitazama jeraha. Nasi tulikitazama kidonge kimeingia saa ngapi, hatukumtazama mama.

Basi kosa letu tumelisema. Lakini, ndugu zetu, na wagonjwa nao wana lao. Mtu wa kwetu akenda sokoni kununua samaki hufunua shavu atazame wekundu, humbonyeza, hunusa, kisha hugombania bei. Akinunua kitambaa cha kanzu hukigeuza mbele na nyuma akauliza kama kitachujuka. Mtu huyo huyo akitoka kwa daktari na karatasi ya dawa ya presha, ambayo huenda akaimeza mpaka siku ya kufa kwake, hajui hata jina lake. Ukimwuliza atakwambia, "Ni kile kidogo cheupe." Akiulizwa mbona hakuuliza, husema ni adabu, daktari ni mtu mkubwa; au husema yeye ametawakali. Kutawakali si kufumba macho. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia maangamizoni kwa mikono yetu, na mkono upelekao kidonge kinywani ni mkono wetu.

Wala asidhani mtu kwamba kuchunguza dawa ni desturi tuliyoletewa na Wazungu. Ash-Shayzari, aliyeandika huko Sham katika karne ya 12 kitabu cha kazi ya muhtasibu, aliweka milango khasa juu ya wauzaji wa sharubati za dawa na wauzaji wa dawa kavu, na namna wanavyozighushi. Waislamu wa zama hizo walijua kwamba dawa ni amana, na kwamba amana hukaguliwa.

Na hao Wazungu wenyewe walifunzika kwa msiba. Mwaka 1957 ilitolewa Ujerumani ya Magharibi dawa iitwayo thalidomide, ikasifiwa kuwa ni ya usingizi mwanana, na wanawake wajawazito wakaitumia kuondoa kichefuchefu. Mpaka ilipoondolewa madukani huko mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu iliyodumaa, na wengi wao hawakuishi. Marekani haikuuzwa, kwa sababu bibi mmoja tabibu, Frances Kelsey, aliyekuwa katika idara ya serikali ya kukagua dawa, alikataa kutia sahihi. Kila wenye kampuni walipomharakisha aliwarudishia suala jengine. Dawa hiyo haikutupwa kabisa, hii leo hutumiwa kwa ulinzi mkali katika baadhi ya matatizo ya ukoma na saratani ya uboho. Dawa moja yaweza kuwa sumu kwa huyu na shifa kwa yule.

Turejee kwetu. Wako wenye presha waliopewa enalapril, kisha wakashikwa na kikohozi kikavu kisichokwisha. Wengi hawamwambii daktari. Hununua dawa ya kikohozi, chupa baada ya chupa, na sababu ya kikohozi ni kile kidonge cha presha. Daktari akiambiwa aweza kumbadilishia dawa siku ile ile. Wako wengine wenye maumivu ya magoti wanunuao diklofenaki dukani kama wanunuavyo njugu, wakaimeza miezi. Dawa hii hutoboa vidonda tumboni, hupandisha presha, na kwa mtu atumiaye enalapril pamoja na dawa ya kukojoza maji, yaweza kuzivunja figo zake. Na wako wamezao panadol, na juu yake dawa ya mafua, hawajui kwamba ndani ya ile ya mafua mna parasetamoli ile ile. Mtu mzima hazidishi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ndiyo maana twasema jina la kujua ni lile la dawa yenyewe, liandikwalo kwa herufi ndogo, si jina la biashara peke yake.

Habasoda na mitishamba nayo itajwe kwa daktari. Habasoda ni mti tuliosifiwa na Mtume (s.a.w.), lakini yaweza kuishusha sukari, na aliye na kidonge cha kushusha sukari amekuwa na viwili. Kumficha tabibu kwa kuona haya si dini.

Liko kosa la upande wa pili, nalo latukhofisha zaidi. Mtu husoma karatasi iliyo ndani ya kasha, au husikiliza sauti iliyopitishwa katika simu na asiyejulikana, akaona madhara ishirini yametajwa, akazitupa dawa zake zote. Mwenye presha akiacha ghafula, yaweza kumpanda usiku ule ikampasua mshipa wa kichwa. Karatasi ile hutaja yampatayo mtu mmoja katika elfu pamoja na yawapatayo wengi. Haitakwambia wewe u katika nani. Ukipata vipele, kufura uso au kupumua kwa tabu, nenda hospitali saa ile ile. Mengine, rudi kwa aliyekupa umwambie. Na Bodi ya Dawa na Sumu, iliyowekwa kwa sheria ya 1957, hupokea khabari za madhara ya dawa hata kwa mgonjwa mwenyewe.

Ama saumu, mwenye sukari amwendee daktari wiki 6 mpaka 8 kabla ya Ramadhani. Daktari mwaminifu akimwambia kufunga kutamdhuru, basi ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'ani, na katika madhhabu yetu ya Shafii akikhofia kuangamia ni wajibu afungue. Kujichoma kidole kupima damu hakuharibu saumu. Akiona kipimo kimeshuka chini ya 3.9, au akatetemeka na kutoka jasho la baridi, afungue papo hapo kwa kitu chenye sukari, ijapokuwa imebaki robo saa kuadhiniwa Magharibi. Siku ile ataikidhi, na asipoweza kukidhi atatoa fidia.

Yule mama mwaka uliofuata alibadilishiwa dawa, akafunga siku alizoruhusiwa, na nyingine akalisha maskini. Nasi sasa, mtu akituuliza juu ya kidonge, twamwambia kwanza akilete tukisome jina. Darasa la Jumamosi ya mwanzo ya Shaabani, inshallah, atakaa nasi tabibu mmoja wa hapa mjini baada ya Isha. Kila mwenye maradhi aje na dawa zake zote ndani ya mfuko, na za miti pia. Akina mama wana mahali pao, na maswali yao yataandikwa.