Somo la Sarufi: Yupo, Yuko, Yumo. Kueleza Njia Kando ya Ziwa

Kundi la watembezi linahesabiwa jioni, mtu mmoja hayupo. Kiongozi anauliza, anajibiwa: «Ameenda ziwani.» Je, ameketi ukingoni anapumzika, au ameingia majini? Jibu la kwanza linaruhusu kungoja. La pili linataka watu wakimbie. Somo letu linahusu silabi chache zinazotenganisha majibu hayo mawili.

Tutatumia mfano wa Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, Tanzania. Ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na anga likiwa safi Mlima Meru (mita 4,566) huonekana kutoka hapo. Tumelichagua kwa sababu kijia chake cha msituni hulizunguka ziwa, na mtu hukimaliza kwa siku moja bila haraka. Kiangazi, miezi ya Juni hadi Agosti, njia huwa kavu.

1. Kiambishi -ni hakitoshi

Katika Kiswahili sanifu, «ziwa» likipata -ni huwa «ziwani». Neno hilo peke yake halisemi kama ni ukingoni, upande wa ziwa au ndani ya maji. Maana kamili huletwa na upatanisho:

– Ziwani pale pana mtumbwi. (mahali maalumu)
– Ziwani kule kuna ukungu. (eneo, upande wa mbali)
– Ziwani mle mna samaki. (ndani)

Kwa mtu pia: yupo, yuko, yumo. «Mwenzetu yuko ziwani» ni habari ya kawaida. «Mwenzetu yumo ziwani» inaweza kuwa mwito wa hatari. Anayetumia «yuko» kila mahali anapoteza tofauti ambayo lugha imempa bure.

2. Kiswahili chetu hufanyaje?

Huku kwetu, Lubumbashi au Bukavu, watu wengi husema «eko ku ziwa» na «eko mu ziwa». Walimu wengine huita usemi huo kosa tupu. Tuutazame vizuri. «Ku» na «mu» zimetangulia nomino na zinatenga eneo na ndani, kazi ileile ambayo sanifu huiachia upatanisho. Lugha za Kibantu zinazotuzunguka zina mpango huo: Kibemba husema «ku ng'anda», «mu ng'anda», «pa ng'anda», yaani kwenye nyumba, ndani ya nyumba, pale penye nyumba.

Kwa hiyo msemaji wetu tofauti hiyo anaijua tayari, ila anaiweka mahali pengine katika sentensi. Akiandika mtihani, aihamishe: «eko mu ziwa» iwe «yumo ziwani», wala isiwe «yuko ziwani», kwa maana hapo sarufi itakubaliwa na habari itapotea.

3. Vitenzi vya mwendo

Chagua kitenzi kinachochora njia. Kuzunguka ni kwenda pande zote. Kuambaa ni kufuata ukingo kwa karibu bila kuuacha. Kukatiza ni kupita katikati ili kufupisha. Kuvuka ni kutoka ng'ambo hii kwenda ile. «Tuliambaa ziwa» na «tulivuka ziwa» ni safari mbili tofauti: moja ya miguu, nyingine ya mtumbwi.

4. Kulia, kushoto, mbele, nyuma

Kulia na kushoto hugeuka mtu anapogeuka. Kwenye njia ya duara kuna alama isiyohama: maji. Ukimwambia mgeni, «Ziwa liwe mkono wako wa kushoto mpaka urudi ulipoanzia», umemwelekeza mzunguko mzima kwa sentensi moja. Akiona maji upande wa kulia, anajua amegeuka.

«Mbele ya mti» ni hatari zaidi. Mti hauna uso. Mmoja ataelewa upande unaomtazama yeye, mwingine upande wa pili, kule safari inakoelekea. Afadhali useme: «kabla ya kuufikia mti» au «ukishaupita mti».

5. Mfano

«Shika kijia kinachoingia msituni, ziwa liwe mkono wa kushoto. Ambaa ukingo. Mahali mizizi ilipokatiza njia, punguza mwendo. Ukishaupita mti mkubwa ulioanguka, kijia kitapanda. Maji yatafichwa na majani, lakini usikate kona mpaka uyaone tena chini yako.»

Mazoezi

a) Sahihisha bila kupoteza maana: «Batoto beko mu pori, baba eko ku njia.»
b) Eleza njia ya kutoka kwenu hadi chuoni bila kutumia «kulia» wala «kushoto».
c) Msomee mwenzako maelezo yako, naye achore ramani. Palipo na kosa katika ramani, rudia sentensi yako kwanza kabla ya kumlaumu mchoraji.