Yesu Alimtoa Kando na Kelele

Somo la wiki. Andiko: Marko 7:31–37

Fungua andiko hili ulisome lote kwanza, halafu urudi hapa.

Watu wamemleta kwa Yesu mtu asiyesikia, na hata kusema kwake ni kwa taabu. Wanachoomba ni amwekee mkono tu. Lakini mstari wa 33 una jambo ambalo wengi wetu hulipita mbio tukikimbilia muujiza: kabla ya kufanya lolote, Yesu alimwondoa mtu huyu katikati ya watu, wakawa pembeni. Kisha akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akainua macho mbinguni. Mtu hasikii, basi Yesu akaongea naye kwa mikono, lugha aliyoweza kuielewa.

Leo tunaongea juu ya vijana wetu wenye usonji. Usonji si uziwi, tusichanganye. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu utotoni. Sauti, mwanga au kuguswa kunaweza kumzidi nguvu. Wengine hawasemi kabisa. Wengine wanasema vizuri sana, ila hawajui mazungumzo yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Hautokani na malezi mabaya, hauambukizwi, na hauishi eti kwa sababu mtoto amefika miaka 18 na kuchukua kitambulisho.

Sasa angalia ibada zetu. Spika mbili kubwa, kinanda, ngoma, watu wote wanaomba kwa sauti mara moja. Sisi tunabarikiwa. Kijana mwenye usonji anaziba masikio, anayumbayumba, anakimbilia mlango. Na ndipo mtu anasema, "Hiyo ni pepo, mshikeni!" Anazungukwa na watu kumi, wote wakipaza sauti, wote wakimshika. Linganisha na mstari wa 33. Mama yake ataendelea kuja mara ngapi? Wako kina mama waliokuwa washirika wetu ambao siku hizi wanaabudu na redio nyumbani.

"Kwa hivyo tusiombee uponyaji?" Tunaomba, na Mungu ni mwenye uwezo. Lakini kijana anahitaji rafiki wiki hii, akiwa vile alivyo. Upendo haungoji ushuhuda.

Watoto wadogo angalau wameanza kukumbukwa. Mwaka 2003 wazazi wa Kenya waliungana wakaanzisha Autism Society of Kenya, na pale Nairobi, City Primary School ina kitengo cha watoto wenye usonji. Tangu 2008 dunia inaadhimisha siku ya usonji kila tarehe 2 Aprili. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Shida kubwa inakuja shule ikiisha. Kijana wa miaka 22 anakaa boma, na swali la mzazi ni moja: "Nikifa, nani hapa Sondu atamjua mtoto wangu?"

Swali hilo si dogo. Soko letu liko mpakani mwa Kisumu na Kericho. Mjaluo analeta samaki, Mkipsigis analeta maziwa na mahindi, ng'ombe wanapita, bodaboda wanapiga honi. Kijana akishika kitu kwenye meza ya mtu, au akiulizwa "wewe ni nani?" akanyamaza, anaweza kuitwa mwizi, na tunajua umati ukishaita mtu mwizi inakuwaje. Zile nyakati mpaka wetu umechafuka, kutojibu swali kama hilo ni hatari zaidi. Kinachomlinda ni watu: mama wa omena, fundi wa baiskeli, yule wa posho mill, wawe wanamjua kwa jina na waseme, "Huyo ni wetu."

Kujuana huko hakuji kwa tangazo la Jumapili. Anza na mtu mmoja, mahali pamoja, saa ile ile. Mshirika mmoja aende na kijana sokoni asubuhi kabla watu hawajajaa, kwa muuzaji yule yule kila wiki. Asalimie, aonyeshe anachotaka, atoe shilingi 100, angoje chenji. Kama maneno ni magumu, mpigie picha hatua hizo kwa simu azione kabla hamjatoka. Ongea wazi. "Ngoja kidogo" haimsaidii, mwambie, "Ngoja nyimbo mbili, halafu tunaenda." Mafumbo na utani mwache navyo hadi mzoeane. Usimlazimishe kukutazama machoni wala kushikana mikono na msitari mzima mlangoni (sisi wenyewe tulilelewa tusimkazie mzee macho, sasa mbona tunamdai yeye?). Akipunga mkono, amesalimia.

Kanisani mpe kazi ya kweli. Kama anapenda kuhesabu, ahesabu viti na watu, na hesabu yake ndiyo iandikwe kwenye daftari la ibada. Wengi wanapenda mpangilio. Atapanga vitabu na viti kuliko sisi. Mwekeeni kiti karibu na mlango, mbali na spika, na mhudumu mmoja anayejua kwamba akitoka nje anapumzika tu, wala hajamkataa Mungu. Na fundi mitambo, ndugu yangu, punguza hiyo sauti. Mungu anasikia.

Ushirika wa nyumbani wiki hii: someni Marko 7:31–37 pamoja. Kila nyumba itaje kijana mmoja wa mtaa wenu ambaye hatumwoni tena ibadani, kisha watu wawili, wasizidi, wamtembelee. Mwulizeni mama yake kijana anapenda nini, anaogopa sauti gani, na ni saa ngapi anakuwa mtulivu. Andikeni majibu mumletee mzee wa kanisa kabla ya Jumapili, ili wahudumu wa mlangoni wayajue.