Kuweka, Kuwekea na Kujiwekea: Sarufi ya Mipangilio ya Akaunti katika Huduma ya Makontena

Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za teknolojia katika Kiswahili umekuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala wa nomino. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi iwapo chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku kitenzi, ambacho ndicho uti wa mgongo wa sentensi ya Kiswahili, kikiachwa pembeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zipo mada za kiufundi ambamo mnyambuliko wa kitenzi hubeba maana ambayo nomino, hata ikiundwa kwa ustadi, haiwezi kuibeba peke yake. Mfano utakaotumiwa ni urekebishaji wa mipangilio ya akaunti katika Amazon ECS, huduma ya kuendesha makontena iliyotangazwa na kampuni ya Amazon mnamo Novemba 2014. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu kosa dogo la kufasiri hapa haliishii darasani. Huishia kwenye ankara ya mwisho wa mwezi, au kwenye rekodi zilizopotea zisipatikane tena.

Kontena, neno ambalo wachukuzi wa bandarini Mombasa walikwisha kulizoea kabla ya wanaprogramu kulidai, ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe kwenye mashine yoyote. Shirika linaloendesha makontena yake katika huduma hii huwa na akaunti. Ndani ya akaunti hiyo mna mtumiaji-mzizi, ambaye ndiye mwenye mamlaka yote, mna watumiaji wa kawaida, na mna kile ambacho Waingereza hukiita kwa neno la jukwaani. Wanafunzi wa tamthilia hawatashangaa kwamba mwigizaji huvaa uhusika kisha akauvua. Vivyo hivyo, katika akaunti hizi mtu au programu huvaa uhusika kwa muda na kupata idhini zinazoambatana nao. Kwa hiyo makala haya yatamwita mhusika yeyote anayeweza kutoa amri: awe mzizi, mtumiaji au uhusika uliovaliwa.

Nani anawekewa?

Amri hutumwa kwa huduma kupitia kiolesura cha programu, maarufu kwa ufupisho API. Amri ya kwanza inayotuhusu ni PutAccountSetting. Hupokea jina la mpangilio, thamani yake, na, kwa hiari, utambulisho wa mhusika, ambao huandikwa principalArn. Ufasiri wa neno kwa neno utatupa "weka mpangilio wa akaunti". Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi lakini inapotosha, kwani msomaji ataelewa kwamba akaunti nzima imewekewa mpangilio. Sivyo. Utambulisho wa mhusika usipotajwa, mpangilio humhusu yule tu aliyetuma amri.

Hapa ndipo kauli ya kutendea inapoonyesha nguvu zake. Mzizi -wek- ukinyambuliwa hutoa wekea. Ukitiwa kiambishi cha urejeshi -ji- hutoa jiwekea. Na katika kauli ya kutendwa hutoa wekewa. Asiyetaja mhusika anajiwekea. Mzizi anapotaja utambulisho wa mtumiaji fulani, anamwekea. Na utambulisho unaotajwa ukiwa wa mzizi mwenyewe, mambo hugeuka kabisa: thamani hiyo huwafikia watumiaji na wahusika wote wa akaunti ambao hawana thamani yao mahususi. Maumbo haya ya kitenzi kimoja yanatofautisha mambo ambayo jina la Kiingereza la amri hiyo limeyafunika chini ya neno moja.

Tuchukue mpangilio uitwao containerInsights, unaohusu ukusanyaji wa vipimo vya utendaji wa makontena. Thamani zake ni disabled, enabled, na enhanced iliyoongezwa mwishoni mwa mwaka 2024. Mhandisi anayetaka vipimo hivyo vikusanywe katika kila kundi jipya la mashine, akituma amri ya kwanza bila kutaja mhusika, atakuwa amejiwekea yeye tu. Kesho yake kundi likiundwa na programu iliyovaa uhusika mwingine, halitakuwa na vipimo hivyo. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotolewa, kwa kuwa amri ilitekelezwa kama ilivyotolewa. Upande wa pili una hatari yake pia, kwani vipimo hivyo hulipiwa, na aliyekusudia kujiwekea akawawekea wote atakuwa ameiongezea akaunti gharama.

Chaguo-msingi na kiambishi -sipo-

Amri ya pili ni PutAccountSettingDefault. Hii haipokei utambulisho wa mhusika kamwe; huiwekea akaunti thamani itakayotumiwa na wote ambao hawajawekewa yao. Neno la mwisho katika jina la amri hiyo ndilo linaloleta taabu. Programu nyingi zilizofasiriwa kwa Kiswahili, zikiwemo za simu, hutumia istilahi chaguo-msingi. Istilahi hiyo imekubalika na si nia ya makala haya kuipinga, lakini ina dosari moja: inadokeza kwamba kuna mtu aliyechagua. Dhana yenyewe inahusu kinyume cha hayo, yaani kile kinachofuatwa pale ambapo mhusika amenyamaza.

Kiswahili kina njia ya kulieleza jambo hili bila kuunda nomino yoyote. Kiambishi cha masharti kanushi -sipo- kinatosha. Mhusika asipojiwekea wala kuwekewa thamani, atafuata ya akaunti. Akaunti isipowekewa, itafuata ya Amazon. Sentensi hii ina ngazi zote tatu kwa mpangilio wake. Aidha, -sipo- huacha mlango wazi: siku mhusika atakapojiwekea thamani, sharti litakuwa limevunjika na thamani ya akaunti haitamgusa tena. Chaguo-msingi, kama nomino, haliwezi kusema hivyo bila kuongezewa maelezo.

Kwamba ukimya una matokeo kulithibitika tarehe 25 Juni 2025. Siku hiyo Amazon ilibadilisha thamani ya awali ya jinsi makontena yanavyotuma rekodi za mwenendo wao. Hapo awali, mahali pa kupokelea rekodi paliposhindwa kupokea, programu ililazimika kusubiri, na kusubiri huko kungeweza kuisimamisha kazi yote. Baada ya tarehe hiyo rekodi huwekwa kwanza katika hifadhi ya muda, na programu huendelea na kazi. Hifadhi hiyo ikijaa, rekodi hupotea. Ni uamuzi unaoeleweka kwa duka linalotaka kubaki wazi. Kwa taasisi ambayo kila muamala lazima uache ushahidi, kupotea kwa rekodi ni jambo zito kuliko kusimama kwa kazi. Taasisi ya namna hiyo yaweza kutumia PutAccountSettingDefault kuiwekea akaunti mpangilio wa defaultLogDriverMode wenye thamani blocking, na hali ya zamani ikabaki. Isipofanya hivyo, wala kuainisha hali hiyo katika maelezo ya kila kazi, itafuata mapya.

Mipaka ya mahali na wakati

Mipangilio hii hufungamana na kanda. Shirika lenye makontena Cape Town na Ireland litatuma amri mara mbili, moja kwa kila kanda. Vilevile, thamani mpya ya containerInsights huyahusu makundi yatakayoundwa, si yaliyokwisha kuundwa. Tena ipo mipangilio ambayo imebaki na jina tu: ule wa muundo mrefu wa vitambulisho vya kazi, uliowahi kuwa wa hiari, haukataliki tena tangu tarehe 1 Aprili 2021.

Kusoma na kufuta

Ili kujua thamani zilizopo, hutumwa amri ya ListAccountSettings. Ikitumwa ilivyo, huonyesha tu kile ambacho mhusika amewekewa mahususi. Asipokuwa na chochote, jibu huja tupu. Ikiongezewa kigezo cha effectiveSettings chenye thamani ya kweli, huonyesha thamani zinazomtawala, hata zile zilizotoka kwa akaunti. Anayesoma jibu tupu akadhani kwamba mpangilio umezimwa atakuwa amechanganya ukimya na ukanushi, mambo mawili ambayo mwanasarufi yeyote hujifunza kuyatenga mapema.

Mkanganyiko huohuo hujitokeza katika DeleteAccountSetting. Kitenzi funga kina fungua, na ziba kina zibua, lakini weka hakina kauli ya kutendua. Wafasiri hulazimika kuchagua baina ya ondoa, futa na zima. Zima haifai hapa. Anayefuta mpangilio wake hauzimi: huondoa kauli yake mwenyewe, naye akarudi chini ya thamani ya akaunti, ambayo huenda ikawa ni ileile aliyotaka kuikwepa. Anayetaka mpangilio uzimwe hana budi kujiwekea thamani ya disabled, na kuiacha hapo.