Vijidudu Vyema vya Tumbo la Mbwa

Ndugu mfugaji, tumboni mwa mbwa alindaye boma lako mna vijidudu vyema vinavyosaidia kusaga chakula. Mbwa akihara, au akipewa antibiotiki, huweza kupungua. Ukitaka kumnunulia dawa ya kuvirudisha katika duka la mifugo Nanyuki, tazama kwanza mambo manne: iwe ya mbwa, jina la kijidudu liandikwe, kama Enterococcus faecium, hesabu yake, na tarehe ya mwisho. Usiitie katika uji wa moto, maana vijidudu hai hufa.

Lakini mtoto wa mbwa akitapika na kuhara damu, usingoje. Huenda ni parvo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1978. Vijidudu hivi haviuponyi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Kinga yake ni chanjo.