NI NANI WA KUANDIKA BARUA YA USHUHUDA?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, vijana wetu wa Msambweni, Ukunda, Gazi na Kwale huanza kutafuta barua za kuingilia vyuoni. Waendao vyuo vikuu vya serikali hapa Kenya hawana haja nazo, kwani huko huangaliwa alama. Haja huwapata waombao misaada ya masomo na watakao kusoma ng'ambo. Na hapo ndipo wengi wakoseapo: mzazi hushika njia kwenda kwa Mheshimiwa, au kwa shekhe mwenye jina kubwa Mombasa ambaye hajapata hata kumuona kijana huyo, akarudi na karatasi yenye muhuri mzuri.

Yatupasa tujue kwanza barua hii ni nini katika sharia. Ni ushahidi. Aandikaye kuwa amjua kijana kwa elimu na mwenendo, na hali hamjui, ameshuhudia uongo, na Mtume (s.a.w.) aliutaja ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa kabisa, pamoja na ushirikina na kuwaasi wazazi. Alikuwa ameegemea, akainuka akaketi, akalikariri neno hilo mpaka Masahaba wakatamani lau angenyamaza.

Imepokewa pia kuwa mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, kama ameamiliana naye kwa fedha. Yote akajibu la. Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Labda alimuona msikitini tu akiinama na kuinuka.

Kwa kipimo hicho kila mtu ashuhudie alijualo. Chifu ajua kijana akaa wapi na kwao wana uwezo gani, basi fomu ya msaada wa karo na aitie sahihi yeye. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoasisiwa mwaka 1961, hutaka tazkiya ya taasisi ya Kiislamu au ya wanavyuoni. Hiyo ni ya ustadhi aliyemsomesha, hata akiwa ni wa madrasa ndogo ya kijijini. Lakini vyuo vingi vya Marekani hutaka barua ya mwalimu wa darasani, naye huipeleka mwenyewe. Mwanafunzi huulizwa hata kama ameiacha haki yake ya kuisoma. Barua kama hiyo Mheshimiwa ataijaza nini?

Wako wasemao: "Mwalimu wa hesabu katika skuli yetu si Muislamu, ametoka bara, vipi amshuhudie mtoto wetu?" Maneno haya hayana msingi. Katika Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimwajiri Abdullahi bin Uraiqit awaongoze njia, naye alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao, wakaagana naye pango la Thaur baada ya siku tatu, na Makureshi wawatafuta kuwaua. Waliangalia mambo mawili: aijua njia, na ni mwaminifu. Ikiwa roho zao ziliwekwa katika mkono huo, karatasi ya hesabu ni kitu gani? Mwalimu aliyemsomesha binti yetu miaka miwili, akamuona akishindwa kisha akifaulu, ndiye ajuaye.

Aombwe mapema, mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho, na apewe nakala ya matokeo na jina la chuo. Kama amehamishwa, atafutwe kwa simu aliko. Asipewe pesa. Na akisema kuwa hamjui mwanafunzi huyu vya kutosha, asichukiwe. Aulizwe ni mwalimu gani amjuaye zaidi.