Uteuzi wa Istilahi za Viambatisho vya Lenzi katika Upigaji Picha za Karibu

Utangulizi

Istilahi ni jina la dhana. Jina likikosewa, dhana nayo hupotoshwa, na mtumiaji hutenda kinyume cha inavyotakiwa. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea viambatisho vinavyofungwa kwenye lenzi ya kamera ili kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu, kama vile mdudu, ua au pete.

Lenzi, si Chujio

Kiambatisho cha kwanza ni kioo cha mviringo kinachofungwa kwa hesi mbele ya lenzi. Kwa kuwa umbo lake hufanana na la filta, wauzaji wengi hukiita hivyo, na mfasiri asiyechunguza huandika chujio. Tafsiri hiyo ni potofu. Kuchuja ni kuzuia kimoja na kupitisha kingine. Chujio la rangi huzuia sehemu ya mwanga, hivyo muda wa kuingiza mwanga hurefushwa. Kioo kinachojadiliwa hapa hakikusudiwi kuzuia mwanga bali kuupinda. Ni lenzi mbinuko, yaani iliyo nene katikati na nyembamba pembeni. Mpiga picha anayekadiria mwanga mwenyewe akiambiwa kwamba ni chujio, huenda akaongeza mwanga usiohitajika na kuiharibu picha.

Wengine hukiita dayopta. Jina hili nalo lina kasoro, kwani dayopta ni kizio cha kupimia nguvu ya lenzi. Lenzi ya dayopta 2 ina urefu wa fokasi wa sentimita 50. Ya dayopta 4, sentimita 25. Kuiita lenzi dayopta ni sawa na kuiita sukari kilo. Istilahi inayofaa ni lenzi nyongeza ya ukaribu. Neno nyongeza huitofautisha na lenzi ya makro, ambayo ni lenzi kamili inayofungwa kwenye kamera yenyewe.

Neli na Mvukuto

Kiambatisho cha pili ni neli ya kurefushia, ambayo haina kioo chochote. Huwekwa kati ya kamera na lenzi ili kuisogeza lenzi mbali na filamu au kihisio. Neli ya milimita 25 ikitumiwa na lenzi ya milimita 50 iliyolengwa mbali kabisa, taswira hufikia nusu ya ukubwa halisi wa kitu. Hapa mwanga hupungua, ingawa hakuna kinachochujwa. Anayeiita neli hiyo lenzi humfanya mnunuzi atafute kioo kisichokuwepo.

Cha tatu ni mvukuto, neno lililoazimwa kwa wahunzi. Mvukuto wa kamera hauchochei moto. Hata hivyo, jina linafaa, kwa sababu mikunjo yake ndiyo inayorefusha au kufupisha nafasi hiyo kwa kiasi anachotaka mpiga picha. Umbo na kazi vinaafikiana.

Hitimisho

Imebainika kwamba umbo si kigezo kibaya cha kuundia istilahi, mradi lisikanushe kazi ya kitu. Mvukuto unakidhi sharti hilo; chujio halikidhi. Hivyo basi, kabla ya kufungua kamusi, mwanaistilahi hana budi kukishika kifaa, au kumwendea anayekitumia, na kuuliza kinafanya nini.