Je, damu yako yaweza kuikataa dawa ya kinga?

"Daktari, ni kweli tembe za kuzuia Ukimwi huwafaa wengine, lakini damu za wengine huzikataa?" Swali hili huulizwa mara nyingi na watu wanaotumia PrEP, yaani dawa inayomezwa na mtu asiye na virusi ili asiambukizwe.

Tembe nyingi za PrEP zina tenofoviri. Dawa hii ikimezwa huwa bado haina nguvu za kuzuia virusi. Ni lazima iingie ndani ya chembe za mwili na kuongezewa fosfeti mara mbili. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo hutengenezwa kwa maagizo ya jeni tulizorithi kwa wazazi wetu.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kuwa baadhi ya wanawake wana jeni zenye tofauti ndogo ambazo huenda zikapunguza kazi hiyo. Kwa hivyo, watu wawili waweza kumeza tembe sawa, lakini mmoja akapata kinga ndogo kuliko mwenzake.

Je, hii ni sababu ya kuacha dawa? La, hasha! Katika utafiti wa Partners PrEP uliofanywa Kenya na Uganda, tenofoviri pamoja na emtrisitabini zilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Lakini utafiti wa FEM-PrEP, uliowahusu wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, haukuonyesha kinga yoyote. Damu zilipopimwa, ilibainika kuwa chini ya wanawake 4 kati ya 10 ndio waliokuwa wamemeza dawa siku za karibuni. Tembe iliyobaki chupani haimkingi mtu, awe na jeni za aina gani.

Huhitaji kupimwa jeni kabla ya kuanza PrEP. Unachohitaji ni kupimwa virusi kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3. Pia mweleze daktari ikiwa una ugonjwa wa figo, kwani tenofoviri hutolewa mwilini kupitia figo.

Ukishindwa kumeza dawa kila siku, usinyamaze. Mwone daktari akueleze njia nyingine, zikiwemo sindano. Na usisahau mpira, kwani PrEP haizuii kisonono wala kaswende.